Mchomo Mdomoni Si Dalili ya Ubora: Dhana Potofu Kuhusu Glosi ya Midomo

Glosi, yale mafuta mazito ya kung'arisha midomo, huhukumiwa mara nyingi kwa dakika ya kwanza tu: inavyong'aa, inavyonukia na inavyoteleza mdomoni. Mambo hayo yanahusu urembo, na hayasemi mengi kuhusu ufanisi wala usalama. Kipimo cha haki ni hali ya midomo yenyewe saa kadhaa baadaye, glosi ikiwa imekwisha kufutika, pamoja na orodha ya viambato iliyochapishwa kwa herufi ndogo kwenye kasha. Dhana zifuatazo ndizo zinazowafanya watu wengi wapuuze vipimo hivyo viwili.

"Ikichoma kidogo, basi inafanya kazi"

Naiweka dhana hii mbele kwa makusudi, kwa kuwa naiona kuwa ndiyo inayodhuru zaidi. Glosi zinazodaiwa kunenepesha midomo huwekewa mentholi, mafuta ya mnanaa, mdalasini au kiini cha pilipili. Viambato hivyo huichokoza ngozi, damu hukimbilia hapo, na midomo huvimba kidogo kwa muda mfupi kabla ya kurudi ilivyokuwa. Unono ule hautokani na midomo kupata afya. Ni uvimbe wa ngozi iliyoudhiwa. Ikumbukwe pia kwamba tabaka la juu la ngozi ya midomo ni jembamba mno, halina tezi za jasho, na kwa kawaida halina tezi za mafuta za kulilainisha, hivyo hupoteza maji haraka na kuchokozeka upesi kuliko ngozi ya shavu au ya mkono.

Chama cha madaktari wa ngozi cha Marekani, American Academy of Dermatology, huwashauri wenye midomo iliyopasuka waepuke kafuri, mentholi, mikaratusi, manukato, na ladha za mdalasini, mnanaa na matunda ya jamii ya ndimu, na hueleza wazi kwamba mchomo au msisimko ni ishara ya kuchokozeka, kwa hiyo bidhaa hiyo iachwe. Ushauri huu una uzito wa pekee kwa wale ambao mzio wao hauonekani kwa malengelenge wala magamba. Kwa baadhi ya watu, mzio wa kiambato cha kipodozi huifanya midomo iwe myeusi polepole, naye mwenye midomo hiyo huongeza glosi ya rangi ili aufiche weusi ambao huenda umeletwa na glosi ileile.

"Midomo ikishazoea glosi haiwezi tena kuishi bila hiyo"

Mafuta na nta za kawaida haziifanyi ngozi kuwa tegemezi. Kinachotokea mara nyingi ni mzunguko: glosi yenye kichokozi huikausha midomo, mtu huongeza nyingine ili kupata nafuu, nayo huichokoza upya. Ladha tamu huzidisha tatizo, kwa sababu humvuta mtu kulamba midomo, na mate yanapokauka huiacha ikiwa mikavu zaidi. Njia ya kujua ukweli ni kuiacha glosi hiyo na kupaka mafuta ya mgando (petroleum jelly) yasiyo na manukato. Midomo iliyopasuka kwa kawaida hupona ndani ya wiki 2 hadi 3, na isipopona yafaa mtu amwone daktari wa ngozi.

"Inayong'aa sana ndiyo inayolainisha sana"

Mng'ao hutokana na jinsi mafuta mazito, kama vile polibuteni, yanavyoakisi mwanga juu ya mdomo. Ulainishaji ni kazi nyingine, na hufanywa na makundi matatu ya viambato. Gliserini na asidi ya hayaluroni huvuta maji; mafuta ya mbarika na siagi ya shea hulainisha na kujaza nyufa ndogo; mafuta ya mgando na nta ya nyuki hufunika juu ili maji yasitoroke. Glosi nzuri huwa na kifunikaji cha kutosha, kwa sababu maji yaliyovutwa bila kufunikwa hupotea hewani.

Hapa ndipo kuisoma orodha kunapolipa. Katika nchi za Umoja wa Ulaya na Marekani, viambato huandikwa kuanzia kilicho kingi zaidi hadi kilicho kidogo. Vile visivyozidi asilimia 1 vinaweza kupangwa kwa mfuatano wowote, na rangi huruhusiwa kuwekwa mwishoni. Kwa hiyo, ikiwa kasha linatangaza kwa herufi kubwa mafuta fulani ya thamani, lakini orodha inayataja baada ya manukato, mnunuzi anauziwa jina la mafuta hayo huku kiasi chake kikiwa kidogo mno.

"Mafuta ya mgando ni mabaki ya petroli, kwa hiyo ni sumu"

Asili yake ni mafuta ghafi, hilo ni kweli. Usalama wake hutegemea usafishaji. Sheria ya vipodozi ya Umoja wa Ulaya, Kanuni namba 1223 ya mwaka 2009, huyaruhusu tu pale historia nzima ya usafishaji wake inapojulikana na inapothibitishwa kwamba malighafi yake haisababishi saratani. Yakiwa yamesafishwa hivyo, ni miongoni mwa vifunikaji bora na hayaleti mzio ila kwa nadra sana.

"Ya asili haina madhara"

Propolisi (gundi ya nyuki), lanolini itokayo katika sufu ya kondoo, mafuta ya mnanaa na hata mafuta ya mbarika, yote ni ya asili, na yote yamewahi kusababisha mzio wa midomo. Rangi nyekundu iitwayo karmini, yenye namba CI 75470, hutengenezwa kwa wadudu, jambo linalowagusa wenye mzio nayo na wale wasiotumia mazao ya wanyama. Wala maandishi ya kudai kwamba bidhaa haileti mzio si dhamana, kwani nchini Marekani hayana tafsiri ya kisheria.

"Kuna risasi, na pete ya dhahabu inaweza kuifichua"

Pete haifichui lolote. Alama nyeusi inayoachwa na pete ikisuguliwa kwenye glosi haithibitishi kuwapo kwa madini ya risasi (lead). Madini hayo huingia kama uchafu ulio ndani ya rangi za madini, na huonekana kwa vipimo vya maabara pekee. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ilipopima rangi za midomo zipatazo 400 mwaka 2010, wastani ulikuwa sehemu 1.11 kwa kila milioni na kiwango cha juu 7.19. Mwaka 2016 ilipendekeza kikomo cha sehemu 10. Wataalamu wa Ulaya hukadiria matumizi ya bidhaa za midomo kuwa miligramu 57 kwa siku, hivyo hata zikimezwa zote kwa kikomo hicho, risasi iliyomo haifiki maikrogramu 1. Hofu kubwa haina msingi, lakini risasi haina faida yoyote mwilini, na kwa watoto mimi ningechagua isiyo na rangi kabisa.

Lililo muhimu kuangaliwa zaidi ni majina yenye silabi "fluoro", ambayo huashiria kemikali za jamii ya PFAS, zisizooza kwa urahisi katika mazingira.

Kabla ya kupaka

Glosi isiyoandikwa kiwango cha SPF isihesabiwe kuwa kinga ya jua. SPF 30 au zaidi ndiyo inayoshauriwa. Alama ya kopo lililofunguliwa yenye 12M humaanisha miezi 12 tangu kufunguliwa, na harufu ya mafuta yaliyochacha yatosha kuitupa mapema. Brashi isishirikiwe, kwa kuwa virusi vya malengelenge ya midomo huenea kwa mate. Glosi mpya ijaribiwe kwanza upande wa ndani wa kiwiko, mara 2 kwa siku kwa wiki nzima, na atakayepata mwasho aende kwa daktari na kasha lenyewe, kwa sababu kipimo cha mzio cha vibandiko, ambapo viambato hubandikwa kwenye ngozi, hupangwa kwa kufuata majina ya viambato yaliyochapishwa juu yake.