Stopuwochi ya kujiundia: yanayosemwa na yalivyo

Mtu akishaona 00:00.00 inakimbia kwenye onyesho lake la kwanza, hudhani kazi imekwisha. Zile tarakimu mbili za mwisho ndizo zinazodanganya. Onyesho huandika chochote linachoambiwa, usahihi unatoka kwingine. Haya ndiyo yanayosemwa sana na wanaojifunza kuunda saa ya kupimia mbio, wawe wanaitaka kwa UMITASHUMTA (michezo ya shule za msingi Tanzania) au kwa mazoezi ya jioni pale uwanja wa Nangwanda Sijaona, Mtwara.

"Arduino ina kristali, haiwezi kukosea."

Arduino ni bodi ndogo ya kompyuta unayoiandikia programu, na kristali ni kipande kinachoipa chipu mapigo ya kuhesabia muda. Kwenye Arduino Uno R3, ile kopo ndogo ya kung'aa karibu na tundu la USB ni kristali ya chipu ya USB. Chipu inayohesabu muda wako, ATmega328P, hupata mapigo yake ya megahezi 16 kutoka kwa resoneta ya kauri, kitoa mapigo kisicho makini kama kristali, ambayo inaweza kukosea hadi asilimia 0.5 hivi. Kwa mbio za sekunde 12 hiyo ni sekunde 0.06. Kwa dakika 10 ni sekunde 3 nzima. Kristali ya kawaida, yenye kosa la 50 kwa milioni, hukosea sekunde 0.18 tu kwa saa nzima.

Unaweza kuilinganisha stopuwochi yako na saa ya simu kwa saa moja kisha ukarekebisha kwenye programu. Ikibaki nyuma sekunde 4, zidisha kila jibu kwa 3600 na ugawanye kwa 3596. Ila resoneta hubadilika na joto, kwa hiyo marekebisho ya chumbani usiku hayatasimama sawasawa uwanjani saa saba mchana.

"Basi funga DS3231, mambo yameisha."

Nusu ya maneno haya ni kweli. DS3231, chipu ya saa yenye kristali yake ndani, hukosea 2 kwa milioni tu kati ya nyuzi 0 na 40, mradi kisanduku hakijaachwa juani. Lakini ukiisoma kwa njia ya kawaida inakupa sekunde nzima nzima. Sehemu za mia za sekunde haina.

Kinachohitajika ni pini yake ya SQW, inayotoa mapigo. Iamuru kwenye programu itoe mapigo 1024 kwa sekunde, iunganishe na pini 2 ya Arduino, na uweke risista ya kiloomu 10 kati ya SQW na volti 5 kama moduli haina yake, kwa sababu pini hiyo inajua kuvuta volti chini tu, haiwezi kuipandisha. Kila pigo liongeze hesabu kwa moja, kisha hesabu mara 100 gawanya kwa 1024 ni mia za sekunde. Kama moduli yako ni ile ya bluu yenye saketi ya kuchaji betri ya kidonge, usiweke CR2032 kabla ya kung'oa risista yenye maandishi 201. Betri hiyo haichajiwi.

"Saa ikigeuka hasi baada ya nusu dakika, chipu ni mbovu."

Chipu ni nzima. Umehifadhi milisekunde kwenye `int`, aina ndogo ya namba kwenye programu, ambayo kwenye Uno inaishia 32767. Ndiyo maana saa inakwenda vizuri hadi sekunde 32.767 halafu inaruka kwenye hasi. Tumia `unsigned long`, aina inayobeba namba kubwa zaidi. Na usihesabu muda kwa `delay(10)`, amri ya kusubiri milisekunde 10, ndani ya kitanzi: kuandika kwenye onyesho nako kunakula muda, na kila mzunguko unaongeza deni.

"Kubonyeza mara moja ni mara moja."

Ndani ya kitufe vipande vya chuma hudundadunda kwa milisekunde kadhaa kabla ya kutulia. Chipu inaona anza, simama, anza. Mwenye saa analalamika kwamba "wakati mwingine haianzi", kumbe imeanza na kusimama papo hapo. Pokea mguso wa kwanza mara moja, andika muda wake, kisha puuza kitufe hadi kitulie kwa milisekunde 50. Kukiachia nako kunadunda, wengi husahau hapo. Waya mmoja wa kitufe uende GND (pini ya hasi), mwingine kwenye pini ya Arduino, na pini hiyo iwekwe `INPUT_PULLUP`, inayowasha risista iliyo ndani ya chipu. Risista ya nje haihitajiki.

"Risista moja kwa kila tarakimu ya onyesho inatosha."

Itawaka, ila 1 itang'aa kuliko 8, maana vipande saba vya taa vinavyounda 8 vinagawana mkondo ambao kwenye 1 ni wa viwili tu. Weka risista ya omu 330 kwa kila kipande, au tumia MAX7219, chipu ya kuendesha onyesho, inayobeba tarakimu nane kwa risista moja tu. Usisahau kapasita za mikrofaradi 10 na nanofaradi 100 karibu na miguu yake ya umeme, la sivyo itaandika maajabu.

"Betri ya volti 9 ndiyo yake."

Ndiyo ghali na ndiyo dhaifu. Zile volti 4 za ziada zinageuka joto tu kwenye bodi. Betri nne za AA za kuchaji hutoa volti 4.8 na huenda moja kwa moja kwenye pini ya 5V. Usiweke nne za kawaida mpya hapo: zikiwa mpya hupita volti 6, na chipu inafanya kazi mwisho 5.5.

Hewa ya chumvi ya Mikindani au Lindi mjini nayo haina huruma. Bodi ya matundu, ile ya kuchomeka waya bila kuchomelea, ni ya majaribio tu. Saa ya kudumu ichomelewe kwa risasi, mabaki yasafishwe kwa spiriti, ijaribiwe, kisha ipakwe rangi ya kucha isiyo na rangi. Kitufe na soketi usipake.

"Sehemu za mia za sekunde zinaamua mshindi."

Kidole cha binadamu huchelewa karibu sekunde 0.2, na kila mtu kwa kiasi chake. Ndiyo maana kanuni za riadha hupandisha muda wa mkono wa mbio za uwanjani hadi sehemu ya kumi inayofuata: 12.31 huandikwa 12.4. Ukitaka mia zenye maana, weka kwenye mstari wa kumalizia mwali wa infraredi (mwanga usioonekana) wa kilohezi 38, upande wa pili ukiwa na kipokezi cha rimoti, ili mkimbiaji akiukata saa isimame. Vipokezi vingi vya rimoti hunyamazia mwali usiokatika, kwa hiyo utume kwa vipande vifupi. Kipokezi kitie ndani ya kipande cha bomba jeusi, na mazoezi yakiwa ya jioni kitazame mashariki.