Kompyuta ya Ndege Hutii Hata Tarakimu Isiyo Sahihi

Abiria wengi wakisikia kwamba ndege za siku hizi huendeshwa na kompyuta kwa sehemu kubwa ya safari huuliza: ikiharibika je? Swali ni halali. Lakini kompyuta ikiharibika, kwa kawaida kengele hulia, taa huwaka, na marubani wamefunzwa la kufanya. Kinachotusumbua zaidi sisi tunaoshughulika na mafunzo ya marubani ni kompyuta nzima, isiyo na hitilafu yoyote, inayotekeleza kwa uaminifu kitu ambacho hakikupaswa kuingizwa.

Tarehe 10 Machi 2015 ndege ya AirAsia X aina ya Airbus A330 ilikuwa Sydney, Australia, ikijiandaa kwenda Kuala Lumpur. Kabla ya safari, mitambo ya ndege lazima ijue ndege imesimama wapi. Longitudo ya pale ilipoegeshwa, yaani kipimo cha mahali kuelekea mashariki au magharibi, ilikuwa nyuzi 151 na dakika 9.8 mashariki (dakika hapa ni sehemu moja ya 60 ya nyuzi), inayoandikwa 15109.8. Kapteni akaingiza 01519.8, yaani nyuzi 15 na dakika 19.8. Kwa hesabu hiyo ndege ilikuwa baharini magharibi mwa Cape Town, zaidi ya kilomita 11,000 kutoka ilipokuwa. Dalili za kosa zilijitokeza zaidi ya mara moja kabla ya kuruka, zikapita bila kushughulikiwa. Waligundua wakiwa tayari hewani, ndege ilipoanza kufuata mwelekeo usiotakiwa. Jitihada za kurekebisha zikavuruga mifumo mingine, mawingu ya Sydney yakawazuia kurudi, wakaenda kutua Melbourne. Hakuna aliyeumia.

Cali, nchini Kolombia, haikuwa hivyo. Usiku wa tarehe 20 Desemba 1995 marubani wa American Airlines safari namba 965 walikubali kubadilisha njia ya kutua dakika za mwisho, wakawa na haraka. Walitaka kuelekea Rozo, kituo cha redio cha ardhini cha kuongozea ndege. Kwenye ramani kituo hicho kilitambulishwa kwa herufi R, wakaingiza R. Katika hifadhidata ya kompyuta, R iliyotokea juu ya orodha ilikuwa ya kituo kingine, Romeo, karibu na Bogotá. Ndege ikakata kushoto, ikatoka bondeni kuelekea milimani huku ikiendelea kushuka. Walipozinduka na kujaribu kurudi ilikuwa wamechelewa. Watu 159 walikufa, wanne wakapona.

Kwa nini watu wawili wenye uzoefu wasione? Wengi hujibu upesi: uzembe. Mimi siukubali upesi huo. Anayeshika usukani kwa mikono yake analazimika kujua ndege inaelekea wapi kila sekunde. Anayetazama mashine ikifanya kazi vizuri saa baada ya saa hana kinachomlazimisha, na binadamu ni mlinzi dhaifu wa jambo ambalo karibu kila siku huenda sawa. Taratibu swali lake hubadilika. Haulizi tena "tuko wapi?" bali "je, ndege imo kwenye mstari?" Mstari wa rangi kwenye skrini humjibu ndiyo, hata kama mstari wenyewe umechorwa kuelekea mlimani.

Rubani wa pili yupo kwa ajili hiyo, lakini kuwapo kwake hakutoshi. Tarehe 3 Septemba 1989 marubani wa Varig safari namba 254 waliondoka Marabá kwenda Belém, Brazili. Karatasi ya safari iliandika mwelekeo 0270, kwa maana ya nyuzi 27.0, karibu kaskazini. Kapteni akaweka 270, magharibi kamili. Rubani msaidizi hakusoma karatasi. Alitazama alichoweka kapteni, akaweka vivyo hivyo. Vipimo viwili vikakubaliana, na vyote viwili vilikosea. Safari ilikuwa ya jioni, na anayeruka magharibi saa hizo jua huwa usoni pake. Ndege iliishiwa mafuta juu ya msitu wa Amazon, na kati ya watu 54 waliokuwamo 12 walikufa. Kunakili si kuhakiki, ingawa kwa mbali vinafanana.

Wapo wanaosema basi otopailoti, mfumo unaoiendesha ndege badala ya mikono ya rubani, izimwe. Hapana. Kati ya futi 29,000 na 41,000, ndege hupishana kwa tofauti ya kimo ya futi 1,000 tu, na mfumo wa kushikilia kimo wenyewe ni sharti la kuruka humo. Mashine hushika kimo kwa usahihi ambao mkono uliochoka hauwezi. Kilichopungua ni mazoezi ya mkono huo. Januari 2013 Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Marekani, FAA, iliyahimiza mashirika kuwapa marubani nafasi ya kuruka kwa mikono pale hali inaporuhusu. Ushauri mzuri, ila kwa upotevu wa njia hautoshi, kwa sababu anayeruka kwa mikono akifuata mstari uleule atafika mlima uleule.

Kinachosaidia ni chanzo cha pili kisichotegemea cha kwanza. Rubani mmoja anasoma kutoka kwenye karatasi mwelekeo na umbali wa kila kituo, mwingine anasoma kilichomo kwenye kompyuta, na yeyote anayebadilisha njia hewani hathibitishi badiliko kabla mwenzake hajaliona kwenye ramani. Haja hiyo imeongezeka miaka ya karibuni, kwani ndege zinazopita Mashariki ya Kati na eneo la Bahari ya Baltiki zimekuwa zikipokea ishara bandia za GPS. Hapo hakuna aliyekosea kuingiza kitu, na bado skrini inaonyesha ndege mahali ambapo haipo. Marubani hulinganisha na umbali kutoka vituo vya redio vya ardhini, saa ya ndege, na sauti ya mwongoza ndege anayewaona kwenye rada yake.