Je, wajua kwa nini shabiki wa hevi metali huinunia albamu ya "vibao bora"?

Mpe mpenzi wa taarab wa Tanga CD moja yenye vibao ishirini vya zamani, atakushukuru na kukuombea dua. Mpe shabiki wa hevi metali, lile tawi la roki lenye magitaa makali, mkusanyiko wa vibao vya bendi anayoipenda, ataugeuza nyuma, ataisoma orodha ya nyimbo kwa kidole, kisha maswali yataanza. Umeanzia mwaka gani? Mbona wimbo fulani haumo? Hii ni sauti ya studio au ya jukwaani? Nani kachagua? Wote wawili ni watu wa muziki na wote wawili wana haki. Kinachowatenganisha ni namna muziki wa kila mmoja ulivyoingia sokoni tangu mwanzo.

Tuanze nyumbani. Miaka ya 1960 na 1970 Tanga ilikuwa mji wa bendi hasa. Jamhuri Jazz na Atomic Jazz walilishika dansi. Black Star Musical Club, na baadaye Lucky Star, waliitia taarab gitaa la umeme na besi, na humo ndimo jina la mwimbaji Shakila lilimovuma. Kazi za hawa wote zilisambaa kwa santuri ndogo, zile za inchi 7 zinazozunguka mara 45 kwa dakika. Upande mmoja wa santuri hiyo hubeba dakika chache tu, ndiyo maana dansi refu lilikatwa: sehemu ya kwanza huku, ukigeuza unaikuta sehemu ya pili. Kila wimbo ulinunuliwa peke yake, ukapigwa redioni peke yake, ukapendwa au kuachwa peke yake. Kwa hiyo kampuni ya GlobeStyle ya London ilipozikusanya nyimbo za Black Star na Lucky Star mwaka 1989 katika albamu iliyoitwa Nyota, haikuvunja mpangilio wa mtu yeyote. Nyimbo zilikuwa zimetawanyika, zikawekwa pamoja. Mkusanyiko wa namna hiyo ni wema mtupu, na mimi nauhesabu miongoni mwa kazi bora zilizowahi kufanyiwa muziki wa mji huu.

Hevi metali yenyewe ilikulia kwenye santuri kubwa. Black Sabbath, vijana wanne wa Birmingham, Uingereza, walitoa albamu yao ya kwanza Februari 1970, wakati santuri ya inchi 12 ilikuwa imekwisha kuwa ndiyo kazi yenyewe ya mwanamuziki wa roki. Kila upande ulibeba dakika ishirini na ushei. Bendi ikapata nafasi ya kupanga: wimbo gani ufungue, upi ufunge upande wa kwanza, msikilizaji apumzishwe wapi kabla ya kupigwa tena. Katika albamu yao ya Master of Reality ya 1971 kuna kipande cha gitaa tupu kiitwacho Embryo, hakifiki hata nusu dakika. Peke yake si kitu, wala hakuna atakayekiweka kwenye orodha ya vibao. Lakini kinapokwisha na Children of the Grave kuingia kwa kishindo, ndipo unapojua kilikuwa kinafanya kazi gani.

Mfano mkubwa zaidi ni wa Iron Maiden, bendi nyingine ya Uingereza. Albamu yao ya Powerslave ya 1984 inafungwa na Rime of the Ancient Mariner, wimbo wa dakika 13 na sekunde 45, uliotokana na shairi la Samuel Taylor Coleridge kuhusu baharia aliyemuua ndege na balaa lililoifuata jahazi yake. Unaanza kwa kasi, katikati unanyamaza hadi unasikia mbao zikilia na sauti ikisimulia, kisha gitaa linarudi kidogokidogo. Mtu wa Tanga, mkoa uliomtoa Shaaban Robert, hahitaji kufafanuliwa sana hapa: utenzi hausomwi kwa kudonoa beti tamu. Sasa CD moja haizidi dakika 80 hivi. Mchaguaji akiuweka wimbo huo, nyimbo tatu fupi zinazojulikana na kila mtu zinakosa nafasi. Mara nyingi utenzi ndio unaoachwa.

Ndiyo maana ziko bendi zilizokataa kabisa. AC/DC, ambao ni roki nzito iliyo jirani wa metali, hawajatoa albamu ya kawaida ya vibao bora hadi leo. Iliyokaribia ni Who Made Who ya 1986, nayo ilitengenezwa kwa ajili ya filamu. Hata nyimbo zao kuuzwa moja moja kwenye iTunes, duka la muziki la mtandaoni, walilikataa hadi Novemba 2012.

Swali la nani kachagua nalo lina uzito wake. Kwa kawaida kampuni ndiyo inayomiliki rekodi. Gharama za studio zilikwisha kulipwa zamani, nyimbo zinajulikana, kilichobaki ni kupiga chapa jalada jipya. Bendi ikihamia kampuni nyingine, ile ya zamani inabaki na mali mkononi. Bendi ya Judas Priest ilitoa albamu mbili chini ya kampuni ya Gull, mwaka 1974 na 1976, ikahamia kampuni ya CBS. Ilipoanza kupata jina huko, Gull ikatoa "The Best of Judas Priest" mwaka 1978. Jalada lilisema nyimbo bora za bendi, lakini zilikuwa rekodi za miaka ya Gull tu, maana ndizo kampuni ilizokuwa nazo. Mnunuzi asiyejua alidhani ameipata bendi nzima.

Black Sabbath nao yaliwakuta. We Sold Our Soul for Rock 'n' Roll, santuri mbili zilizotoka Uingereza mwishoni mwa 1975, haikuchaguliwa na wanabendi. Ukiitazama utaona ilivyoegemea upande mmoja. Paranoid ya 1970 imetoa nyimbo nne, na zote zinastahili. Sabotage, albamu iliyokuwa mpya kabisa mwaka huohuo, imetoa mmoja tu, tena si Symptom of the Universe, wimbo ambao gitaa lake lilitangulia kwa miaka mingi kasi na ukali wa bendi za thrash, yaani metali ya mbio, za miaka ya 1980. Kwangu hilo ni kosa kubwa kuliko yote katika mkusanyiko ule. Anayeusikiliza atadhani bendi ilikuwa inapoa, kumbe ilikuwa inaota meno mapya.

Kuna jambo jingine ambalo sikio la haraka halilikamati: toleo la wimbo. Mwaka 2008 Iron Maiden walitoa Somewhere Back in Time, mkusanyiko wa miaka ya 1980 uliokusudiwa vijana waliokuwa wanaijua bendi kwa mara ya kwanza wakati wa ziara yenye jina hilohilo. Albamu mbili za kwanza za bendi, za 1980 na 1981, ziliimbwa na Paul Di'Anno, mwenye sauti ya kukwaruza ya mtaani. Lakini katika mkusanyiko huu Phantom of the Opera, Wrathchild na wimbo wenye jina la bendi vimewekwa kwa matoleo ya jukwaani yanayoimbwa na Bruce Dickinson, aliyeingia baada yake. Vibao vya Di'Anno vimo, sauti yake haimo. Naelewa walitaka kijana asikie sauti atakayoikuta uwanjani. Bado, kwa albamu inayodai kurudi nyuma katika wakati, kumfuta mwimbaji wa mwanzo ni kuipotosha historia, na napenda ijulikane. Tena ziarani waliipiga Rime of the Ancient Mariner yote, ilhali kwenye CD haimo.

Mkusanyiko wao wa 1996, Best of the Beast, ulikuwa mwaminifu zaidi. Toleo la CD mbili linaanza na wimbo mpya wa mwaka huo, kisha linarudi nyuma albamu baada ya albamu hadi kwenye rekodi walizozifanya kabla ya kupata mkataba. Unaisikia bendi ikizidi kuwa changa, na Di'Anno anajitokeza kwa sauti yake mwenyewe.

Nyimbo mpya ndani ya mkusanyiko mara nyingi huwa chambo: shabiki mwenye albamu zote anatoa pesa kwa ajili ya wimbo mmoja. Ila si kila mara. No Remorse ya bendi ya Motörhead, 1984, ilikuwa na nyimbo nne mpya zilizopigwa na safu mpya ya wanamuziki, na mmoja wao, Killed by Death, ukawa kati ya vibao vyao vikubwa vya jukwaani.

Kijana wa Ngamiani, hapa Tanga, leo hanunui santuri. Anajaziwa nyimbo kwenye flashi, na akiomba metali anapewa folda la vibao, bila mwaka wala jina la mwimbaji. Akiniuliza aanze na mkusanyiko upi, namtajia The Dio Years wa Black Sabbath, wa 2007. Haudai kuwa bendi nzima: umechukua miaka ya mwimbaji Ronnie James Dio peke yake, kuanzia Heaven and Hell ya 1980. Una nyimbo tatu mpya, na kuzirekodi hizo kuliwarudisha wanamuziki pamoja. Wakazunguka dunia kwa jina la Heaven & Hell, wakatoa albamu kamili, The Devil You Know, mwaka 2009, mwaka mmoja kabla Dio hajafariki. Asikilize hiyo pia, tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho bila kuruka.