Okteni ya gari ya rotari yenye turbo: ni namba ngapi, na imepimwa kwa mfumo gani

Swali linatufikia hapa kitengo cha injini karibu kila mara kwa maneno yaleyale: nina RX-7 ya turbo (gari ya Mazda yenye injini ya rotari, isiyo na pistoni, ambayo ndani yake rota za pembe tatu ndo zinazozunguka), niweke okteni ngapi? Jibu la haraka kwa gari ambayo haijaguswa toka itoke kiwandani ni petroli ya daraja la juu, isishuke chini ya 95 au 96 kwa kipimo cha RON (tutakieleza chini), na kama 98 ipo weka hiyo hiyo wala usijiulize. Ila hilo jibu lina mitego miwili. Wa kwanza ni kwamba namba ya kwenye pampu na namba ya kwenye kitabu cha gari zinaweza kuwa zinaongelea vitu tofauti, wa pili ni kwamba hizi gari ni chache sana zilizobaki kama zilivyozaliwa.

Tuanze na huu wa namba maana ndo unaoua injini za watu waaminifu kabisa, waliosoma kitabu na kukifuata.

Okteni ni kipimo cha jinsi mafuta yanavyovumilia kubanwa na kupata joto bila kujiwakia yenyewe kabla moto wa plagi haujayafikia. Basi. Sio kipimo cha nguvu, mafuta ya okteni kubwa hayana "moto mkali" zaidi, tena ethanoli ina okteni kubwa kuliko petroli ya kawaida na nishati kidogo kuliko hiyo petroli. Sasa kupima huo uvumilivu kuna njia mbili za maabara, RON na MON, zote zinatumia injini maalum ya majaribio lakini MON inaibana zaidi, mzunguko mkubwa zaidi na hewa imepashwa joto, kwaiyo petroli ileile moja inapata MON ndogo kuliko RON, tofauti mara nyingi inacheza kwenye 10 hivi. Japan na Ulaya wanatumia RON. Marekani wanachukua RON na MON wanazijumlisha wanagawa kwa mbili, hiyo wanaiita AKI. Kwaiyo petroli yenye RON 98 na MON 88 Ulaya inaitwa 98, ukiivusha Marekani inaitwa 93, na ni mafuta yaleyale.

Umeona shida inapoanzia. RX-7 ya turbo ya soko la Marekani imeandikiwa mafuta ya super, yaani petroli ya daraja la juu, na super ya kule inaanzia kama 91 AKI, sawa na 95 au 96 RON. Mtu anasoma 91, anaenda kwenye nchi inayopima kwa RON anakuta pampu imeandikwa 91, anajaza tenki kwa roho safi kabisa, kumbe aliyoweka ni sawa na ile ya kawaida ya Marekani ya 87. Gari inawaka vizuri, inatembea vizuri, haina hata kikohozi, mpaka siku anayokanyaga pedali mpaka chini kwenye kilima.

Na gari iliyotengenezwa kwa soko la Japan nayo ina hadithi yake. Super ya Japan inayouzwa huwa inafika karibu 100 RON, ya kawaida yao iko karibu 90, katikati hapo hakuna kitu. Waliopanga taiming ya moto (yaani plagi iwashe wakati gani) na presha ya turbo kwa soko lile walijua mteja anaweka hiyo super. RX-7 za mwisho mwisho, zile za 1999 mpaka 2002 zenye farasi 280, ni mfano mzuri. Hiyo gari ukiihamishia mahali ambapo mafuta bora kabisa ni 95 haitakufa kesho asubuhi, ila akiba ya usalama aliyoiacha injinia imeliwa, na siku ya joto kali ndo utajua ilikuwa na kazi gani.

Sasa kwanini tunaipigia kelele rotari wakati magari ya pistoni yenye turbo yako kila kona? Cha ajabu ni kwamba rotari isiyo na turbo mara nyingi haina makuu kwenye mafuta, RX-7 nyingi za zamani zisizo na turbo kiwanda kiliziruhusu kunywa mafuta ya kawaida, mojawapo ya sababu ni kwamba hakuna valvu ya eksozi iliyoiva ndani ya chumba cha kuchomea, na sehemu inayovuta hewa haiko palepale panapowaka moto. Ukileta turbo hesabu inabadilika. 13B-REW, injini ya RX-7 ya mwisho, ina kompresheni ya 9.0 kwa 1 (yaani mchanganyiko unabanwa mpaka moja ya tisa ya ujazo wake) na turbo mbili zinazosukuma kiwandani kama 0.7 bar hivi, na chumba chake ni kirefu kimelala kama ndizi kinatembea huku moto unawaka, ndo maana kila rota ina plagi mbili. Moto unakimbia vizuri kuelekea mbele, kule rota inakoelekea, lakini upande wa nyuma wa chumba unabaki na mchanganyiko ambao haujaungua, umebanwa, unachemka. Mafuta yakiwa dhaifu ule mchanganyiko wa nyuma unajilipukia wenyewe kwa mkupuo mmoja badala ya kuungua taratibu. Mafundi wanasema injini inagonga.

Pistoni ikigonga kidogo mara nyingi inasamehe, unasikia ile kokoto kokoto, unaachia pedali, maisha yanaendelea. Rotari haina msamaha huo. Kinachoumia ni epeksi sili, kile kipande chembamba cha chuma kinachokaa kwenye kila ncha ya rota, unene wake milimita 2 tu, urefu wake upana wa rota yaani milimita 80, kazi yake ni kuziba kati ya chumba na chumba. Mgongano mmoja mzito unaweza kuivunja. Ukifungua injini ya namna hiyo mara nyingi unakuta sili imekatika kipande, ukuta wa hausingi (ganda ambalo rota inazungukia ndani yake) una mchirizi mrefu ambao ukipitisha ukucha unakwama, na kipande chenyewe hakipo. Kimetoka kwa njia ya eksozi, na njiani kimekutana na mapanga ya turbo. Na kwasababu sili moja inatenganisha vyumba viwili, ikivunjika moja unapoteza kompresheni kwenye vyumba viwili kati ya vitatu vya hiyo rota. Usitegemee masikio yakuokoe, hizi injini zina kelele zake nyingi na mgongano wa kuvunja sili unaweza kuisha kabla hujaelewa umesikia nini.

Kwaiyo okteni inachaguliwa kwa kuangalia nini? Tunachowaambia watu ni kwamba chagua kwa presha ya turbo na ramani iliyomo kwenye kompyuta ya gari (ile mipangilio ya mafuta na moto), sio kwa jina la gari. Gari imetyuniwa kwa 98? Basi inakunywa 98 maisha yake yote, sio 95 "kwa leo tu". Umenunua gari ambayo mwenyewe wa zamani alikuwa anaichezea na hujui ilityuniwa kwa mafuta gani? Hapo hata usianze na swali la okteni, tafuta fundi anayezijua rotari aisome hiyo ramani, na mpaka hapo usikanyage turbo. Hata mtu aliyebadilisha eksozi tu yumo humu, maana RX-7 ukiifungulia eksozi presha inapanda yenyewe bila wewe kugusa kitu kingine, yaani gari inahitaji okteni zaidi na mafuta zaidi kuliko jana na hakuna taa iliyokwambia.

Na okteni haiwezi kufunika kasoro nyingine. Pampu ya mafuta iliyochoka, injekta iliyoziba, intakula ndogo ya kiwandani inayoshindwa kupoza hewa baada ya kukanyaga mara mbili tatu mfululizo, hivi vyote vinapeleka injini kulekule kwenye kugonga, na mtu aliyeweka 100 anabaki anashangaa. Kwa uzoefu wetu mafuta kuwa machache na hewa kuwa nyingi wakati turbo inasukuma ni adui mkubwa kuliko tofauti ya 95 na 98, ila ukiviweka vyote viwili pamoja hapo tusidanganyane.

Zile chupa za kuongeza okteni tuziseme kidogo. Chupa inakwambia inaongeza "pointi 5", watu wanaelewa 95 inakuwa 100, wakati kwenye biashara hiyo pointi moja mara nyingi ni sehemu ya kumi ya okteni, kwaiyo umepata nusu. Nyingine zina manganizi inayoacha rangi ya kutu kwenye plagi, ukizifungua unadhani zimekaa mtoni. Kuchanganya petroli mbili ni njia ya uhakika zaidi, nusu tenki ya 95 na nusu ya 98 inakupa karibu 96.5. Petroli ya ndege yenye risasi achana nayo kama gari ina katalista (kisafisha moshi cha kwenye eksozi) na sensa ya oksijeni, inaziua zote.

E85, yaani ethanoli iliyochanganywa na petroli kidogo, ni kitu kingine, okteni yake iko juu ya 100 na inapoza hewa inayoingia, rotari za mashindano zinaipenda. Lakini ethanoli inataka mafuta mengi zaidi kwa hewa ileile, kama theluthi moja zaidi kwa ujazo, kwaiyo pampu kubwa, injekta kubwa, ramani mpya. Kumimina E85 kwenye gari ambayo haijaandaliwa unapata hewa nyingi mafuta machache, yaani umenunua okteni ya juu ukaua injini nayo.

Kuna pia hoja ya milimani. Ni kweli hewa ikiwa nyepesi injini isiyo na turbo inaridhika na okteni ndogo, ndo maana sehemu za juu za Marekani wanauza mpaka 85 AKI. Turbo inairudisha ile presha iliyopotea, tena inazunguka kwa nguvu zaidi na hewa inatoka ya moto zaidi, kwaiyo huo unafuu wa mlima usiuhesabu.

Mwisho, umekwama, kilichopo ni mafuta dhaifu na lazima usafiri. Weka kidogo ya kukufikisha kwenye pampu nyingine, usijaze. Endesha kwa mguu mwepesi, geji ya turbo ibaki chini ya sifuri, kilimani shusha gia badala ya kukanyaga, na usiipige mzunguko mkubwa injini ikiwa imechemka. Ukifika kwenye mafuta mazuri jaza tenki lote, afu subiri mchanganyiko uwe wa mafuta mapya kwa sehemu kubwa kabla hujarudi kwenye turbo. Gari iliyolala miezi mingi ichukulie hivyohivyo hata kama uliiacha na 98, petroli iliyokaa inapoteza ubora, inyonye yote utie mpya. Na kama ulishakanyaga na ukahisi gari imelegea, inawaka kwa shida ikiwa ya moto au inatetemeka ikiwa imesimama, izime uipeleke ikapimwe kompresheni kwa kipimo cha rotari kinachosoma vyumba vitatu kimoja kimoja. Geji ya kawaida ya pistoni inakuonyesha chumba chenye kompresheni kubwa kuliko vyote na kuvificha vingine viwili.