Njia ya changarawe isiyo na magari: maana yake hasa

Tangazo likisema kuna njia ya baiskeli ya changarawe, isiyopitiwa na magari, inayozunguka ziwa zima, limeahidi mambo matatu kwa mpigo, na ni nadra yote matatu kukutana mahali pamoja. Changarawe tunayo tele. Maziwa tunayo. Tatizo ni hilo la katikati.

Kuhusu changarawe hakuna mengi ya kubishania. Ni mawe yaliyosagwa au moramu, yakachanganywa na chembe laini za kuyashikanisha, yakamwagiwa maji na kushindiliwa mpaka yakawa mgongo mgumu unaomwaga mvua pembeni. Baiskeli inayofaa ina usukani uliokunjwa chini kama ule wa mashindano ya lami, ila tairi zake ni pana zaidi, za milimita 35 hadi 50, na hujazwa upepo mchache ili zimeze vijiwe badala ya kuvirukia. Baiskeli ya milimani nayo inapita bila shida. Hata hii ya kawaida ya kubebea mkaa ingepita, mradi breki zinashika.

Lakini changarawe haimaanishi utulivu. Migration Gravel Race, mashindano yanayofanyika upande wa Maasai Mara tangu 2021, ni ya changarawe kwelikweli, na bado hizo ni barabara za watu: zina pikipiki, matatu, ng'ombe na vumbi lao. "Isiyo na magari" ni jambo jingine kabisa. Maana yake ni kwamba mwenye ardhi au sheria imeyazuia magari kuingia, si kwamba yanapita kwa nadra. Utaona mlangoni kuna geti la fito lililofungwa kwa kufuli, au nguzo zilizosimikwa kwa nafasi inayoruhusu usukani wa baiskeli na kukataa bampa ya gari. Barabara ya kijijini inayopitiwa na magari mawili kwa siku ina utulivu, ndiyo, ila si ya aina hii. Gari la tatu linaweza kukukuta konani.

Kizuizi hicho hubadilisha hadi ardhi unayokanyaga. Yale mawimbi yanayotetemesha meno kwenye barabara za vumbi hujengwa na magurudumu yanayokwenda kasi: tairi likiruka kidogo, hutua na kusukuma udongo mbele, linalofuata linaruka palepale, na tuta linakua. Gari likizuiwa, mawimbi hayo karibu hayajitokezi. Vilevile hakuna ile mifereji miwili yenye nyasi katikati, wala kokoto zilizorushwa pembeni zikisubiri kukuangusha kwenye kona.

Mfano mzuri ninaoujua ni Kielder Water, kaskazini mwa Uingereza katika jimbo la Northumberland, karibu na mpaka wa Scotland. Ni ziwa la kutengenezwa: mto North Tyne ulizibwa kwa tuta lenye urefu wa zaidi ya kilomita moja, na bwawa likafunguliwa rasmi 1982. Linabeba takriban lita bilioni 200, na kwa ujazo hakuna ziwa la kutengenezwa linalolizidi nchini humo. Kulizunguka kuna njia iitwayo Lakeside Way, ya maili 26, yaani kama kilomita 42. Urefu huo unakaribia sana ule wa marathoni, na Steve Cram, bingwa wa zamani wa mbio za mita 1,500, hakuuachia upite hivihivi: mbio za Kielder Marathon zilianza hapo 2010.

Kwa nini pale iwezekane? Kwa sababu wenye ufuko wanahesabika. Maji ni ya kampuni ya maji, na msitu ulioanza kupandwa 1926 ni wa serikali. Ukiwa na wamiliki wawili wakubwa wasioishi ufukweni, unaweza kuchora duara bila kukata shamba la mtu wala uwanja wa nyumba. Ndiyo maana njia za namna hii utazikuta zaidi kwenye mabwawa kuliko kwenye maziwa ya asili. Linganisha na Ziwa Kivu. Njia ya Congo Nile upande wa Rwanda, kutoka Rubavu hadi Rusizi, ina kilomita 227, na kwa maoni yangu mandhari yake yanaizidi Kielder mbali sana. Lakini ufuko wa Kivu una wenyewe: wavuvi, mashamba ya kahawa, shule, masoko. Utapishana na pikipiki na watoto wanaokukimbilia, na njia yenyewe haizunguki ziwa, inafuata upande mmoja tu. Hilo si kasoro. Ni njia inayoishi na watu, na asiyetaka watu aende msituni.

Neno "kuzunguka ziwa" nalo hudanganya. Mtu hudhani kwa kuwa maji yamelala, njia nayo imelala. Ziwa la bwawa ni bonde lililojaa maji, na kila kijito kinachoingia kina kibonde chake. Njia hushuka hadi kijito, huvuka daraja la mbao, hupanda tena, na kabla pumzi haijarudi kijito kingine kinakusubiri. Kielder hakuna mlima wa kutisha hata mmoja, ila vilima vidogo vikijumlishwa miguu huvihesabu vizuri sana. Na njia ikishakwisha kuuacha upande wenye barabara kuu, usitegemee duka: beba maji na chakula, pamoja na tyubu ya akiba na pampu.

Kutokuwepo magari hakukupi wewe kipaumbele. Njia ni ya waenda kwa miguu na wapanda farasi pia, na Uingereza, kwenye njia za farasi, sheria ya 1968 inamtaka mwendesha baiskeli awapishe wote hao. Farasi usimpigie kengele ukiwa nyuma yake. Punguza mwendo, msalimie mpandaji kwa sauti ya kawaida ili mnyama atambue kuwa anayekuja ni binadamu, kisha pita kwa nafasi.

Tahadhari ya mwisho ni malori ya magogo. Msitu wa kupandwa ni wa kuvunwa, na siku za kukata miti mashine nzito huruhusiwa mahali ambapo gari lako haliruhusiwi. Vibao vya kufunga kipande cha njia huwekwa na vya kuelekeza upande wa kuzungukia huwepo. Ukikuta kibao, geuza, hata kama huoni mtu na msumeno husikii.