Kijana wa nguo nyeusi na kundi tunaloliogopa

Wazazi wanaokuja kwangu kuomba ushauri kuhusu vijana wao karibu wote huanza na mavazi. Binti amepaka kucha rangi nyeusi. Mvulana amefuga nywele mpaka zimefunika jicho moja, na muziki unaotoka chumbani kwake ni wa mayowe. Nikiuliza analalaje, anakulaje, rafiki yake wa karibu ni nani, majibu huja kwa kusitasita. Kuhusu "kundi" lenyewe, hata hivyo, wana mengi ya kusema, na mengi kati ya hayo wameyapata kwenye televisheni au kwenye simu. Mimi ni mwanasaikolojia wa vijana, na jambo hili linanikera kwa sababu mwenye kuumia ni mtoto.

Mfano ninaoupenda ni wa zamani. Wikendi ya Pasaka ya 1964, vijana wengi wa Uingereza walikwenda Clacton, mji mdogo wa pwani. Kulikuwa na baridi na mvua, maduka mengi yamefungwa, hakuna la kufanya. Zikazuka purukushani: vioo vikavunjwa, vibanda vichache vya ufukweni vikaharibiwa, pikipiki na skuta zikawa zinapita huku na huko kwa fujo. Magazeti yaliandika kana kwamba mji umevamiwa na jeshi. Mwanasosholojia Stanley Cohen, aliyechunguza matukio hayo na kuchapisha kitabu chake mwaka 1972, alikuta kwamba hasara ilikuwa kama pauni 500 tu, na kwamba ni wachache kati ya waliokamatwa walioshtakiwa kwa vurugu za kupigana.

Kwamba magazeti yalitia chumvi, hilo halishangazi. La kutisha ni lililofuata. Wakati huo vijana wa Uingereza walikuwa na mitindo miwili iliyojulikana sana. Mods walipenda suti nadhifu na skuta. Rockers walikuwa watu wa pikipiki na jaketi za ngozi. Kabla ya hapo uadui wao haukuwa mkubwa kiasi hicho, na ugomvi wa Clacton ulikuwa zaidi kati ya wenyeji na vijana waliotoka London. Magazeti ndiyo yaliyowapanga katika kambi mbili. Kijana ambaye hakuwa na upande wowote sasa aliambiwa pande ni mbili, kila upande huvaa nini na humchukia nani. Ilipofika Mei mwaka huohuo, huko Brighton, polisi, waandishi na vijana wenyewe walifika kila mmoja akiijua tayari nafasi yake.

Hapo ndipo hamu ya kukubalika inapofanya kazi yake. Mwaka 1991 mwanasaikolojia Marilynn Brewer alieleza kuwa binadamu huvutwa na mahitaji mawili kwa wakati mmoja: kuwa sehemu ya wengine, na kutofautiana nao. Kundi dogo lenye alama zake hutosheleza yote mawili, kwani kijana anafanana na wenzake wachache na papo hapo anajitenga na shule nzima. Kwa hiyo kijana anayesema hajali watu wanasema nini, lakini anachagua hata kamba za viatu kwa uangalifu mkubwa, si mnafiki. Anasema kweli kuhusu watu wa nje; walio ndani ya kundi anawajali mno.

Sasa mfikirie aliyejiunga juzi. Hajui kama amekubaliwa, na anatafuta mwongozo wa namna ya kuwa. Asipoupata kwa wenzake ataupata kwenye habari: watu wa aina hii wana hasira, hawaongei na wazazi, wanadharau masomo. Picha iliyochorwa ili kumwonya mzazi inakuwa maelekezo kwa mtoto. Na anayasoma akiwa katika umri mgumu. Utafiti uliofanyika katika makumbusho ya sayansi jijini London na kuchapishwa mwaka 2015 uliwataka watu wa rika mbalimbali wakadirie ukubwa wa hatari fulani, kisha ukawaonyesha makadirio ya wengine. Watoto wadogo na watu wazima waliyumbishwa zaidi na maoni ya watu wazima. Wenye miaka 12 hadi 14 waliyumbishwa zaidi na ya vijana wenzao.

Picha hizo hudhuru hata wasiozifuata. Baada ya mauaji ya shule ya Columbine, Marekani, mwaka 1999, lawama ziliangukia vijana wa goth, yaani wapenzi wa nguo nyeusi na muziki wa huzuni, ingawa baadaye ilibainika kuwa wauaji hawakuwa wa kundi hilo. Mwaka 2007 Sophie Lancaster, msichana wa miaka 20, aliuawa kwa kipigo kaskazini mwa Uingereza kwa sababu ya mwonekano wake. Mwaka uliofuata, huko Querétaro, Mexico, vijana wa emo, kundi jingine la nguo nyeusi na nywele zinazofunika uso, walishambuliwa hadharani na umati. Ilikuwa mwaka 2013 ndipo polisi wa eneo la Manchester walipoanza kuandikisha mashambulizi ya namna hiyo kama uhalifu wa chuki.

Upande mgumu nao nausema wazi. Utafiti wa Scotland uliochapishwa mwaka 2006 uliona kuwa vijana waliojitambulisha kama goth walikuwa na historia ya kujidhuru kuliko wenzao kwa kiwango kikubwa. Idadi yao katika utafiti ilikuwa ndogo, lakini matokeo hayo siyapuuzi. Ila waliosema walianza kujidhuru kabla ya kujiunga walikuwa wengi kuliko walioanza baadaye. Maumivu yalitangulia, kundi likawa mahali pa kukimbilia. Mzazi anayemng'oa mtoto kwenye kundi bila kugusa maumivu hayo amemnyang'anya kimbilio tu.

Kuna kijana mwingine asiyefuatwa na kamera yoyote: yule anayevaa kama kila mtu. Mwaka 1993 wanasaikolojia Deborah Prentice na Dale Miller walionyesha kuwa wanafunzi wengi wa chuo kikuu cha Princeton, Marekani, waliamini wenzao wanaridhia tabia za unywaji pombe chuoni kuliko wao wenyewe. Wengi wasiwasi wanao, kila mmoja anadhani ni wake peke yake, na wote wanafuata. Shinikizo hilo halina rangi ya kucha wala mtindo wa nywele, na kwa uzoefu wangu ndilo linalonipa shida zaidi, kwa kuwa nyumbani hakuna anayeliona.

Katika majaribio ya mwanasaikolojia Solomon Asch ya miaka ya 1950, watu waliulizwa jambo lililo wazi kabisa, mstari upi unalingana kwa urefu na mwingine, huku waliowazunguka wakijibu visivyo kwa makusudi. Karibu theluthi moja ya majibu yalifuata kosa la wengi. Alipowekwa mtu mmoja tu wa kusema ukweli, kufuata mkumbo kulishuka sana.

Kwa hiyo namtafuta mtu huyo mmoja katika maisha ya kila kijana ninayekutana naye. Nani anaweza kumwambia "hapana" na wakabaki marafiki? Akiwepo, awe binamu, kocha au mwanafunzi mwenzake asiyependa muziki ule, humwambia mzazi aziache nywele zilivyo. Asipokuwepo, hapo tuna kazi ya kufanya, hata kama kijana amekaa mbele yangu na sare iliyopigwa pasi.