Namba i haina mazingaombwe

Jina ndilo lililoiponza. Mwanahisabati Descartes aliziita namba za aina hii "za kufikirika" mwaka 1637, na mpaka leo mwanafunzi wa kidato cha tano au cha sita akikutana na i² = −1 anahisi anachezewa kiini macho. Lakini i ni agizo la kugeuka tu. Simama katikati ya jiji la Dodoma, tazama mashariki, upande wa Morogoro: hiyo ni 1. Zidisha kwa i. Umegeuka nyuzi 90 kushoto, unatazama Kondoa. Zidisha tena: Manyoni, yaani −1. Tena: Iringa, −i. Mara ya nne umerudi Morogoro. (Barabara zenyewe zina kona zake, hapa tunashika pande nne za dunia.) Kwa hiyo i²⁰²³ haitaki kikokotoo: 2023 gawanya kwa 4, inabaki 3, jibu −i.

Wapo wanaodhani ilibuniwa ili x² + 1 = 0 ipate jibu. Hapana, watu waliridhika kusema haina jibu. Kilichowabana ni x³ = 15x + 4. Jibu lake ni 4, namba ya kawaida kabisa, ila kanuni ya kutatua milinganyo ya x³ ilipitia √−121, yaani 11i: ilitaka ujumlishe vipeuo vya tatu vya 2 + 11i na 2 − 11i. Bombelli, mwanahisabati wa Italia, mwaka 1572 alionyesha kwamba (2 + i)³ = 2 + 11i; ukijumlisha 2 + i na 2 − i, unapata 4.

Kosa linalokula alama nyingi ni hili: √−4 × √−9 = √36 = 6. Kanuni ya kuunganisha vipeuo huvunjika namba zote mbili zikiwa hasi. Toa i kwanza, ndipo uzidishe: 2i × 3i = 6i² = −6.

"Haina kazi mtaani." Haya, chukua mota ya pampu ya kumwagilia mizabibu Hombolo, volti 230. Tuseme ikiwa kazini ina ukinzani wa omu 30, na koili zake zinaongeza kizuizi cha omu 40. Anayejumlisha 70 anapata ampea 3.3, na waya atakaouchagua utakuwa mwembamba. Kizuizi cha koili kimegeuka nyuzi 90 kutoka kwa ukinzani, hivyo sahihi ni 30 + 40j (wahandisi huandika j kwa kuwa i kwao ni mkondo), ukubwa wake √(900 + 1600) = 50, hivyo mkondo ni ampea 4.6. Mkondo huo unachelewa nyuma ya volti kwa nyuzi 53 hivi, ndiyo maana 230 × 4.6 inatoa 1,058 ilhali wati zinazotumika kweli ni 635 tu.